Tanki la Tisa

Siku ya nne ya kumhoji Yoakimu Margwe, Inspekta Farida Muksini alikuwa amechoka kuliko mtuhumiwa wake. Mtuhumiwa angalau hakuwa na la kutafuta. Farida alikuwa na goti la kushoto linalouma kila mvua za vuli zikikaribia, faili la kurasa mia mbili za hesabu asizozielewa, na amri kutoka mkoani kwamba kijana huyo apandishwe kizimbani Babati kesho asubuhi kwa kosa la kughushi nyaraka za utafiti. Kituo cha Mbulu kilikuwa na wezi wa ng'ombe wa kutosha. Kesi ya miale ya anga ilimkuta kama mgeni anayebisha hodi wakati sufuria limeshaoshwa.

"Shikamoo, afande," Yoakimu alisema.

"Marahaba. Tuanze tena."

Alimpangia fomu tano mezani. Yoakimu alikuwa fundi wa miaka thelathini na miwili, mzaliwa wa Tlawi, na kazi yake ilikuwa kuzunguka kila mwezi kuyapima matanki kumi na sita ya mradi wa chuo kikuu unaochunguza miale hiyo. Fomu hizo zilikuwa za Tanki la Tisa, lililoko Daudi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Zote tano ziliandikwa namba moja: mia moja na nne.

"Nani ameandika?"

"Mimi."

"Ulikwenda Daudi kupima?"

"Sikwenda. Niliandika namba ya Mei."

"Kwa nini?"

"Uvivu tu, afande."

Jana alisema uvivu, na juzi alisema uvivu. Katika miaka ishirini na tisa ya kazi Farida alikuwa amekutana na watu wanaokana kosa waliloonekana wakilifanya mchana kweupe. Mtu anayekiri haraka hivi alimtia mashaka zaidi. Alivuta fomu nyingine tano kutoka chini ya faili.

"Hizi ni za Tanki la Kumi na Sita. Yaeda Chini. Tisini na nane, mia na moja, tisini na saba, tisini na tisa, mia na mbili. Hizi umepima kweli?"

"Hizo nimepima."

"Umekwenda Yaeda Chini mara tano?"

"Mara tano. Mwezi wa nane tairi la pikipiki lilipasuka, nikamalizia kwa miguu."

"Daudi ni nusu saa kutoka hapa, na barabara ni nzuri. Sasa nieleze, maana mimi ni mama mtu mzima na nimechoka. Ni mvivu gani huyo anayetembea kwa miguu mpaka Yaeda Chini, halafu Daudi inamshinda?"

Yoakimu alitazama sakafu. Farida alisubiri mpaka askari wa zamu alipokohoa mlangoni, akaona hapati kitu, akainuka.

Nje, kwenye benchi la wageni, mke wa Yoakimu alikuwa amekaa na hotipoti ya chakula kama siku zote nne. Aliitwa Eva. Tumbo lake lilikuwa la miezi minane na miguu ilikuwa imevimba. Alimwamkia Farida, akauliza swali lake la kila siku, kama mume wake ataachiwa leo. Farida akampa jibu lake la kila siku, kwamba uchunguzi unaendelea. Jibu hilo lilikuwa limeanza kumtia aibu.

Dakta Hilda Kamuzora, mkuu wa mradi, alikuwa amepewa chumba cha nyuma ya kituo. Alitoka Dar es Salaam kwa hasira, na hasira haikuwa imepoa. Mwezi uliopita alikuwa amesimama mbele ya wanasayansi mia tatu ng'ambo, akatangaza kwamba miale mikubwa inayoshukia Mbulu ni michache kuliko ilivyopimwa kokote. Wiki mbili baadaye wenzake walimwonyesha kwamba kipimo chake kimeharibika. Chuo kikamwambia atafute mwenye kosa.

"Nieleze mara nyingine," Farida alisema, akikalia kiti kilicholegea. "Polepole. Nieleze kama unavyomweleza mwenye duka."

Hilda alivuta pumzi. "Kuna chembe zinatoka mbali sana, nje huko kwenye nyota. Chembe moja ikiingia kwenye hewa kwa nishati kubwa, inaivunja hewa, vipande vinavunja vingine, mpaka chini inafika mvua ya chembe iliyotanda kilometa kadhaa. Matanki yetu yanaikinga hiyo mvua. Ndani ya tanki kuna maji safi lita elfu kumi na mbili, na giza tupu, na jicho la umeme linatazama chini. Chembe ikipita majini inatoa mwanga kidogo. Mwanga ukiwa mwingi, tunajua mwale uliokuja ulikuwa na nishati kubwa."

"Na huu mchoro?"

"Huku nishati, huku idadi. Midogo ni mingi, mikubwa ni adimu. Ukipanda nishati mara kumi, idadi inashuka karibu mara mia. Sasa angalia ubaya wake. Ukipunja nishati theluthi moja tu, zaidi ya nusu ya ile mikubwa inatoweka kwenye mchoro. Kosa dogo la mizani, kosa kubwa la hesabu."

Farida aliinua macho. Baba yake alikuwa ameuza nafaka Katesh miaka arobaini, na mizani Farida alikuwa ameijua kabla ya kujua kusoma. "Jiwe la mizani ni lipi?"

"Ni hiyo namba ya kwenye fomu. Kuna vichembe vya kawaida vinavyopita kwenye tanki kila wakati, na tunajua mwanga wake. Fundi anavipima kila mwezi kwa kifaa cha mkononi. Kama tanki limebadilika, namba inabadilika, na sisi tunarekebisha. Yoakimu ameandika jiwe la uongo."

"Hiyo mikubwa iliyotoweka, imetoweka wapi?"

Hilda alifungua ramani kwenye kompyuta. Vitone vya miale mikubwa vilikuwa vimetawanyika toka Tlawi hadi Daudi. Sehemu moja ilikuwa nyeupe, na katikati yake palikuwa na Tanki la Tisa.

"Pembe moja tu," Farida alisema.

"Yoakimu alipata nafasi ya kusoma nje kwa ajili ya matokeo haya. Sababu anayo."

"Alianza kuandika uongo Juni. Nafasi ya kusoma aliipata lini?"

"Septemba."

"Basi mwezi wa sita alikuwa mtabiri. Na mtu anayetaka kuudanganya ulimwengu mzima, Dakta, haanzi na kuharibu kona moja ambayo kila mtu ataiona." Farida alishika goti lake, akasimama. "Umelitazama hilo tanki?"

"Niliogopa kuharibu ushahidi. Nilisubiri polisi."

"Siku nne tunasubiriana," Farida alisema, na moyoni alijilaumu yeye zaidi.

Koplo Emanuel aliendesha. Alikuwa Mwiraqw wa Dongobesh, dereva mzuri na mwimbaji wa kwaya, na kwa kawaida aliongea njia nzima. Walipoteremka kuelekea Daudi alionyesha tanuri za matofali kando ya kijito.

"Wachoma matofali hao, afande. Kiangazi chote hiki maji walipata wapi? Mimi nasema Yoakimu aliwauzia."

Farida alikubali kuwa hilo lina mantiki. Lakini walipoikaribia kona ya mwisho, tanki jeusi likionekana juu ya kilima na nyumba moja ya bati pembeni yake, gari lilipunguza mwendo, likasimama. Palikuwa pamebaki hatua mia mbili na zaidi.

"Nini?"

"Klachi, afande. Inateleza. Tangulia, mimi niiangalie."

Farida alimtazama jinsi vijana wa siku hizi wanavyostahili kutazamwa, akateremka, akapanda kilima na goti lake. Emanuel hakufungua hata boneti.

Tanki lilizungushiwa wavu wa waya, lakini mlango wake ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani tu. Farida aliligonga tanki kwa ngumi kuanzia chini. Chini lilijibu kwa sauti nzito. Kuanzia pajani kwenda juu lililia tupu. Hilda alikuwa amemwambia maji yanapaswa kumfikia kifuani. Kwenye koki ya kumwagia maji, chini kabisa, kulifungwa kitambaa safi kuzuia mchuruziko, na ardhini palikuwa na maduara ya ndoo, moja juu ya jingine, hadi udongo ukawa mgumu.

Alitafuta alama za tairi, hakuona. Alitafuta kwato za punda, hakuona. Wachoma matofali wangehitaji mapipa na mkokoteni, na hapa palikuwa na njia moja tu nyembamba, iliyokanyagwa na kandambili za mguu mdogo. Njia hiyo ilitoka kwenye koki ikaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya bati. Haikuwa imefichwa hata kidogo. Farida alisikitika kidogo. Kesi yake yote ya siku nne ilikuwa imelala hapo juani.

Mwanamke wa miaka kama ishirini na minane alitoka mlangoni kabla Farida hajapiga hodi. Alisimama mbali.

"Shikamoo, mama. Usije zaidi. Tuongee hapo hapo."

"Marahaba. Mimi ni Inspekta Farida, natoka kituoni Mbulu. Wewe nani?"

"Marieta."

"Marieta mwanangu, nimepanda kilima na mguu mbovu. Nataka kukaa."

Mwanamke alisitasita. "Nyumbani kwako kuna mjamzito?"

Farida alikuwa ameshaulizwa maswali mengi na watu anaokwenda kuwahoji, lakini hili halikuwahi kutokea. "Nyumbani kwangu kuna paka tu. Naye ni dume."

"Anayenyonyesha?"

"Hakuna."

"Ng'ombe je?"

"Sina."

"Basi karibu ukae," Marieta alisema. Alileta kigoda, akakipangusa mara mbili. Kisha akaleta chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati, akakishika kwa mikono miwili akimpa, na Farida akakipokea na kunywa. Aliona jinsi yule mwanamke alivyomtazama akinywa, kama mtu anayetazama mvua.

"Mgeni wa mwisho alikuja lini hapa?"

"Mwezi wa tano."

"Mwezi wa tano kulikuwa na nini?"

"Nilijifungua. Mtoto aliishi siku mbili."

"Pole sana, mwanangu."

"Ahsante. Tangu hapo tuko kwenye miko. Wanasema anayekaa au kunywa kwetu, akimgusa mjamzito au anayenyonyesha, anampelekea kifo kile kile. Mume wangu Baltazar amekwenda Mang'ola kwenye mashamba ya vitunguu, kule hawamjui. Mimi nimebaki na nyumba. Watu wananisalimia kutoka barabarani. Si wabaya. Kanisani wanatuambia mambo haya yamepitwa na wakati, na wao wanaitikia, lakini kila mtu anaogopea mtoto wake. Hata mimi ningeogopa."

"Na maji?"

Marieta aliangalia tanki. Hakujaribu kudanganya. "Chemchemi ni ya wote, na wajawazito wanachota pale. Nikitia ndoo yangu, halafu mtoto wa mtu apatwe na jambo, nitasema nini? Haya ya kwenye tanki hayanywi mtu. Yoakimu mwenyewe alituambia siku wanayaleta, maji haya si ya kunywa, ni ya kupimia nyota. Nikaona maji hayo siwezi kumdhuru mtu nayo. Ndoo mbili kila siku, asubuhi na jioni. Nimekosa, mama?"

Farida alikaa na kikombe mkononi. Alimhurumia. Alifikiria wanasayansi mia tatu ng'ambo.

"Umekosa," alisema mwishowe. "Lakini si kosa la jela. Yoakimu alijua?"

"Hakujua. Juni alifika pale gari lako liliposimama. Akaniuliza kwa sauti kama ni kweli mtoto amefariki. Nikamwambia ni kweli. Akasema pole, dada, akawasha pikipiki akarudi. Sikumlaumu. Mkewe Eva mimba zimemtoka mbili, na hii ni ya tatu."

Farida alimweleza basi yaliyompata Yoakimu, na kwamba ili atoke ni lazima haya yaandikwe. Marieta alifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Andika, mama. Mwambie sikumlaumu."

Farida aliporudi kwenye gari, Emanuel alikuwa ameshamfungulia mlango wa nyuma.

"Ukae nyuma leo, afande. Tafadhali."

"Klachi imepona?"

"Imepona."

"Koplo, ungenieleza asubuhi, saa tatu tungekuwa tumemaliza."

Emanuel alibadilisha gia. "Miko ile sisi Wairaqw tunaiita metimani. Ningekuambiaje, afande? Jumapili nasimama mbele naimba. Ukiniuliza, nitakujibu hayo yamekwisha."

"Lakini?"

"Lakini mke wangu ananyonyesha."

Kituoni, Farida aliwaweka Yoakimu na Dakta Hilda chumba kimoja akawasimulia yote, bila kupamba. Yoakimu alisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Usiliandike hilo, afande. Andika uvivu."

"Uvivu utakupeleka Babati kesho."

"Heri Babati. Niandike nini? Kwamba mtu mwenye stashahada, anayepima miale inayotoka nje ya dunia, aliogopa nyumba ya mama aliyefiwa na mtoto? Watanicheka hadi nizeeke. Na jina la Marieta lisomwe mbele za watu?"

"Mficha uchi hazai, Yoakimu," Farida alisema. Methali ilimtoka kabla hajaifikiria. Aliuona uso wa kijana ukikunjamana, akajuta. "Nisamehe. Nimesema vibaya."

Hilda alimgeukia Yoakimu. "Kwa nini hukuniambia? Ningemtuma mtu mwingine."

"Nani, Dakta? Mafundi wote ni wa hapa. Wote wana wake."

"Ningekuja mwenyewe."

"Ulituambia siku ya kwanza kwamba mradi huu ni wa watu wanaoamini vipimo," Yoakimu alisema. "Niliona haya."

Hilda alivua miwani. Alichukua kalamu, akaandika pembeni mwa faili, akinong'ona. Ndoo mbili za lita ishirini kila siku, toka mwanzo wa Juni, siku mia na hamsini. Lita elfu sita. Nusu ya tanki. Alirudia hesabu mara ya pili.

"Mwanga uliopimwa na jicho tumeuhifadhi wote," alisema polepole. "Kama maji yameshuka sawasawa kila siku, naweza kurudisha kipimo cha kila siku. Huyo mama ametupa jiwe la mizani bora kuliko fomu zako. Mikubwa haikupotea, Yoakimu. Ilikuwa inapita, tukaiandika kuwa midogo." Alivaa miwani tena. "Nitaondoa mashtaka. Lakini chuo kitanitaka sababu ya maandishi, yenye sahihi yako. Na kazi huna tena. Namba ya kubuni ni ya kubuni, hata kama moyo ulikuwa mahali pake."

"Naelewa."

"Jina la huyo mama si lazima lisomwe popote," Farida alisema. "Nitaandika mkazi wa Daudi. Na yeye ameniagiza nikuambie kitu. Anasema hakukulaumu."

Yoakimu alisogeza kiti mezani. Kisha akavuta karatasi, akaandika kwa mkono wake mwenyewe, mistari kumi na moja, na kwenye mstari wa saba aliandika neno niliogopa. Aliweka sahihi. Farida aliisoma mara moja, akagonga muhuri, akaandika amri ya kumwachia. Hakusikia furaha yoyote. Alitaka kuvua viatu tu.

Alitoka wa kwanza kumwambia Eva. Yule mama alikuwa ameshaisikia sauti ya mumewe ukumbini. Aliinuka kwenye benchi kwa taabu, mkono mmoja kiunoni, akaja haraka kuliko tumbo lake lilivyoruhusu. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na mikono yote miwili ilikuwa imenyooshwa kuushika mkono wa Farida, kumshukuru.

Inspekta Farida hakuamini hata neno moja la mambo yale. Binti wa mwuza nafaka wa Katesh, askari wa miaka ishirini na tisa kazini, hakuwahi kuamini kisichopimika. Alirudi nyuma hatua mbili, akaificha mikono yake mgongoni.

"Shukrani zimefika, mwanangu," alisema. "Usinishike. Nimekunywa chai Daudi leo."

Eva alisimama palepale. Nyuma yao Yoakimu alikuwa amefika mlangoni, mkanda na kamba za viatu mkononi, na alikuwa ameona na kusikia. Alimtazama inspekta. Kisha akaketi kwenye kizingiti cha kituo, akafunika uso, akalia kwa mara ya kwanza tangu akamatwe.